Aibu Iliyofichikana: Hukumu ya Pikipiki Iliyoharibika Baada ya Dhamana Kwisha

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewahalalishia waja wake biashara na akawakataza kula mali baina yao kwa batili. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, ambaye alifanya biashara kabla ya kupewa utume, na watu wa Makka wakamjua kwa jina la Mwaminifu. Na ziwashukie jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya haya: mlango wa kununua na kuuza ni katika milango ambayo kila Mwislamu huingia kila siku, awe mwanachuoni au asiwe. Na watu wa zama hizi wamezidishiwa jambo moja katika biashara zao, nalo ni karatasi ya dhamana, ambayo wengi huiita waranti. Karatasi hii imewafanya baadhi ya wauzaji kudhani kuwa ikiisha muda wake basi na wao wametoka katika jukumu. Na imewafanya baadhi ya wanunuzi kudhani kuwa ikiisha, hawana njia ila uwongo. Dhana zote mbili si sawa. Darasa hii imewekwa ili ibainishe haki ya kila mmoja.

MAS-ALA YENYEWE

Tukadirie mtu aitwaye Zeid, kijana wa Mombasa, ambaye kazi yake ni kuchukua abiria kwa pikipiki. Mama yake aliuza bangili zake mbili za dhahabu, naye akatia akiba yake, akanunua pikipiki mpya kwa Amri kwa shilingi 160,000. Akapewa na karatasi ya dhamana ya miezi 12 au kilomita 20,000, litakalotangulia. Na katika risiti yaliandikwa maneno yaandikwayo katika maduka mengi: kwamba mali ikiuzwa hairudishwi.

Zeid aliitunza pikipiki yake. Alibadilisha oili kwa wakati wake, na kila alipoipeleka kwa fundi wa duka, alipigiwa mhuri katika kitabu cha sevisi. Mwezi wa saba, mita ikiwa imefika kilomita 20,900, injini iligonga kwa kishindo, ikazima. Fundi akafungua kifuniko cha juu, akaona kuwa kemshafti, nacho ni kile chuma kifunguacho na kufunga vali, kimelika. Alipotafuta sababu akaona kuwa njia ya kupandishia oili imezibwa nusu yake na mabaki ya chuma yaliyoachwa kiwandani. Matengenezo akayakadiria shilingi 24,000.

Zeid akamwendea Amri, akasema, "Bwana Amri, shikamoo. Pikipiki ile ina aibu iliyotoka nayo kiwandani. Na karatasi inasema miezi 12, na huu ni mwezi wa saba."

Amri akajibu, "Marahaba, mwanangu. Lakini karatasi inasema pia kilomita 20,000, nawe umezipita. Dhamana yako imekwisha. Na mimi si niliyeitengeneza."

Zeid akatoka hali ya kuwa hana la kusema. Barazani wenzake wakamwambia: yuko mtu arudishaye nyuma namba za mita kwa fedha kidogo, ikirudi ikasoma 19,500, karatasi itakuwa hai tena. Na siku ile nyumbani hapakuwa na chakula cha jioni.

Hapa pana masuali matatu. La kwanza: je, haki ya Zeid imekwisha kwa kwisha karatasi? La pili: ikiwa haikwisha, haki yake ni ipi, na kwa masharti gani? La tatu: je, yamhalalikia kuirudisha nyuma mita?

FASILI YA KWANZA: HAKI YA AIBU SI HAKI YA KARATASI

Jua kuwa mnunuzi ana haki mbili zisizokuwa moja. Haki moja ni ile aliyoahidiwa katika karatasi: kuwa kikiharibika kitu fulani kabla ya muda fulani, kitatengenezwa bure. Hii ni ahadi yenye mpaka, na aliyeiweka ndiye aliyeiwekea mpaka. Mpaka ukipita, ahadi imetimia, wala hana lawama aliyeiweka. Katika jambo hili Amri amesema kweli, na Zeid alikosa kutoyasoma maneno ya kilomita. Kwani mchukua abiria huzimaliza kilomita kabla ya kuimaliza miezi.

Haki ya pili haikutoka katika karatasi, bali imetoka katika mkataba wenyewe wa kununua. Mwenye kununua hutoa fedha nzima ili apate kitu kizima. Ikidhihiri kuwa kitu kilikuwa na aibu kabla hajakikabidhi, basi hakupewa alichokilipia. Haki hii wanavyuoni huiita khiyari ya aibu, nayo ipo hata kama hapakuandikwa karatasi yoyote.

Aibu katika madhehebu ya Imamu Shafii ni kila jambo lipunguzalo kitu chenyewe, au lipunguzalo thamani yake hata likakosesha makusudio yaliyo sahihi, ikiwa ghalibu ya vitu vya jinsi ile ni kuwa havina upungufu huo. Kwa hivyo tairi lililolika, cheni iliyolegea, breki zilizokwisha, taa iliyoungua, hizo si aibu za kudaiwa. Kwani kila pikipiki itembeayo hupatikana nayo. Lakini njia ya oili iliyozibwa ni aibu, kwa kuwa ghalibu ya injini mpya ni kuwa njia zake zi wazi.

FASILI YA PILI: AIBU ILIYODHIHIRI BAADAYE KWA SABABU ILIYOTANGULIA

Huenda mtu akasema: pikipiki ilitoka dukani ikitembea, na imevunjika mikononi mwa Zeid, vipi muuzaji ataulizwa?

Jawabu: asili ni kuwa lililozuka baada ya kukabidhiwa ni juu ya mnunuzi. Lakini Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), amelitoa katika asili hiyo, ndani ya kitabu chake Minhaj, lile ambalo sababu yake ilitangulia. Mfano wao wa zamani ni mtumwa aliyekatwa mkono kwa mnunuzi kwa kosa alilolifanya alipokuwa kwa muuzaji: mkono umekatwa leo, lakini sababu ni ya jana, na mnunuzi hakuwa na habari.

Ama maradhi yaliyotangulia wameyatenga peke yake. Mnyama aliyeuzwa mgonjwa, kisha ugonjwa ukazidi mikononi mwa mnunuzi hata akafa, hayarejeshi mauti yake bei yote. Kwani kuzidi kule kumepatikana kwa mnunuzi. Walakini hurudishiwa kiasi cha upungufu uliokuwako siku ya kukabidhi, na upungufu huo uliofidiwa huitwa arshi.

Mas-ala ya Zeid ni karibu mno na mfano huu wa pili. Kuzibwa kwa njia kulikuwako tangu kiwandani. Kulika kwa chuma kumezidi kidogo kidogo njiani, kama ugonjwa. Basi Zeid hawezi kumlazimisha Amri airudishe pikipiki na kutoa shilingi 160,000 zote. Lakini yuna haki ya arshi ya aibu ile ya asili, illa Amri akiridhia mwenyewe kuitwaa pikipiki yake kama ilivyo.

Na hesabu ya arshi si hesabu ya fundi. Huangaliwa thamani ya kitu kikiwa kizima na thamani yake kikiwa na aibu, kisha upungufu ule hutwaliwa katika bei kwa kadiri yake. Tukadirie watu wenye ujuzi wamesema: pikipiki ile siku ya kukabidhiwa, ikiwa nzima, thamani yake ilikuwa shilingi 152,000, na pamoja na aibu ile ni shilingi 133,000. Upungufu ni shilingi 19,000, nao ni thumuni ya thamani. Basi Zeid hurudishiwa thumuni ya bei, nayo ni shilingi 20,000. Wakipatana kuwa badala ya fedha Amri aitengeneze, ni njia nzuri, na mara nyingi ni nyepesi kwa wote wawili.

Wala Amri hawezi kudai sehemu ya nauli alizozipata Zeid katika miezi saba. Mtume (S.A.W.) amehukumu kuwa pato la kitu ni la yule ambaye hasara ya kitu ilikuwa juu yake, na lau pikipiki ile ingaliungua moto mikononi mwa Zeid, hasara ingalikuwa yake.

FASILI YA TATU: MANENO YA RISITI, "MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI"

Maneno haya ni mfano wa sharti ambalo wanavyuoni waliliita baraa, yaani muuzaji kujitakasa na aibu zote. Kauli iliyo na nguvu katika madhehebu ya Shafii ni kuwa sharti hili humtakasa muuzaji kwa aibu ya ndani ya mnyama, ambayo yeye mwenyewe hakuijua; wala halimtakasi kwa jinginelo. Sababu yake ni kuwa mnyama hula, hunenepa na huugua, na ni nadra kusalimika na kasoro ya ndani asiyoiona mwenyewe. Pikipiki si mnyama, wala haiugui kwa tabia yake. Basi maneno ya risiti hayamwondolei Amri jukumu.

Asili ya hukumu hii ni kisa cha Abdullahi bin Omar (R.A.), alichokipokea Imamu Malik katika Muwatta. Alimuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kujitakasa. Mnunuzi akasema kuwa mtumwa ana ugonjwa asiotajiwa. Wakashtakiana kwa Sayyidna Othman (R.A.), naye akamhukumu bin Omar aape kuwa aliuza pasina kujua ugonjwa wowote. Bin Omar akakataa kuapa, akamrudisha mtumwa wake. Mtumwa akapona, akauzwa baadaye kwa dirhamu 1,500. Tazama jinsi mtu mcha Mungu alivyoona kurudisha fedha ni kwepesi kuliko kuliweka jina la Mwenyezi Mungu mbele ya bei.

FASILI YA NNE: MASHARTI YA KUDAI

Haki hii ina masharti, na wengi huipoteza kwa kutoyajua.

Sharti la kwanza ni haraka. Mwenye kuijua aibu yampasa adai palepale, kwa kadiri ya ada ya watu. Hakulazimishwa kukimbia, wala kuacha sala au chakula. Na akijua usiku, hungoja asubuhi. Lakini akijua, kisha akanyamaza wiki mbili pasina udhuru, haki yake imeanguka, na arshi vilevile, kwa kuwa amefanya taksiri. Angalia kuwa haraka hii huhesabiwa tangu siku ya kuijua aibu, si tangu siku ya kununua.

Sharti la pili ni kuacha kukitumia. Wanavyuoni wamesema kuwa mwenye kuijua aibu ya mnyama, kisha akaendelea kumtumia, amejionyesha kuwa ameridhika naye. Wakamwachia udhuru yule apandaye mnyama mkaidi ili amrudishe, ikiwa hawezi kumvuta wala kumswaga. Kwa kipimo hiki, Zeid akiisikia injini ikigonga, akajua sababu, kisha akasema nitachukua abiria mpaka Ijumaa, amejivunjia haki yake kwa mkono wake.

Sharti la tatu ni asizushe aibu mpya. Ikiwa pikipiki ilianguka, au iliendeshwa bila oili, au ilipakiwa watu watatu, ule upakiaji vijana wauitao mishikaki, basi madhara yaliyotokana na hayo ni juu ya mwenyewe. Ama kufunguliwa injini ili aibu ijulikane, hukumu yake hupimwa kwa mfano walioutaja wanavyuoni wa zamani, nao ni mfano wa nazi: mwenye kununua nazi hawezi kuijua kuwa mbovu ila aivunje, basi kuivunja hakumwondolei haki. Lakini akiivunja kupita haja, ile ziada ni juu yake. Hivyo fundi na afungue kifuniko cha kutosha kuona, kisha asimame. Akiimwaga injini yote mezani na kubadilisha vyuma, ushahidi umepotea, na Amri ana haki ya kusema kuwa fundi ndiye aliyeharibu.

Sharti la nne ni ubainifu. Wakihitilafiana, mmoja akisema aibu ni ya zamani na mwingine akisema ni mpya, muuzaji husadikiwa kwa kiapo chake. Kwani asili ni kusalimika. Illa ikiwa aibu yenyewe yashuhudia kuwa ni ya zamani, kama kovu lililokwisha pona kwa mtu aliyenunuliwa jana. Mabaki ya kiwandani ndani ya njia ya oili ni mfano wa kovu hilo. Basi Zeid na atafute mafundi wawili waadilifu wasio na maslaha katika jambo lile, waandike waliyoyaona. Na aviweke vyuma vilivyolika, kitabu cha sevisi, risiti, picha, na namba za chasisi na injini. Kitabu chenye mihuri ya wakati wake ni shahidi asiyechoka.

FASILI YA TANO: KURUDISHA MITA NYUMA

Haijuzu kabisa. Ni uwongo, ni kughushi, na ni kula mali ya mtu kwa batili. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono katika lundo la chakula, vidole vyake vikapata umajimaji. Mwenyewe akasema kuwa mvua imekinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona. Kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika yeye. Mita iliyorudishwa nyuma ni lile lundo lenyewe: ukavu juu, na maji chini.

Na Zeid asiseme: mimi nina haki, basi nitaifikia kwa njia yoyote. Haki yake ni arshi ya aibu. Anachokitaka kwa mita ni ahadi ya karatasi, ambayo si haki yake tena. Tena uwongo huo humharibia hata ile haki aliyonayo. Kwani mafundi wa duka wakiigundua mita, nani atausadiki ushahidi wake kuhusu njia ya oili? Na bangili za mama zilikuwa halali; si vyema riziki iliyoanza kwa halali iendelee kwa haramu.

FAIDA: HUKUMU ZA SERIKALI

Wakikosa kupatana, mtu asidhani kuwa kesi hii ni ya Kadhi. Katika Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imeziwekea mahakama za Kadhi mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Mambo ya biashara yako katika mahakama nyingine, na ikawekwa kwa sheria ya mwaka 2016 mahakama ya madai madogo, ambayo mtu huweza kusimama mwenyewe.

Na sheria yenyewe ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa, iliyofuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, yahesabu kuwa mwenye kazi ya kuuza bidhaa ameahidi, hata kama hakutamka, kuwa bidhaa yake yafaa kuuzwa kwa jina lake. Na sheria ya mwaka 2012 ya kuwalinda wanunuzi ikaitia nguvu ahadi hiyo. Ahadi hii haifi kwa kwisha karatasi ya dhamana. Mdai hushtaki aliyemuuzia, kwani ndiye aliyefunga naye mkataba. Kwa hivyo neno la Amri, kuwa si yeye aliyeitengeneza, halimtoi. Naye ana njia ya kumrejea aliyemuuzia yeye.

MWENENDO WA KUDAI NA ADABU YAKE

Aliye katika hali ya Zeid na afanye hivi. Asimamishe pikipiki siku ile ile. Amjulishe muuzaji kwa maneno, kisha kwa maandishi yenye tarehe, na abaki na nakala. Ataje kilomita za kweli wala asizifiche. Aeleze aibu, na sababu yake, na ushahidi wa mafundi. Aseme wazi kuwa hadai kwa karatasi iliyokwisha, bali adai kwa aibu iliyotangulia. Amwombe muuzaji alipeleke jambo kwa wakala na kwa mtengenezaji. Kwani wako watengenezaji ambao, wakiona kitabu cha sevisi kimetimia na muda umepita kwa kidogo, hutoa spea bure na mwenyewe akalipa ufundi tu, ili kulinda jina lao. Hiyo ni fadhila, na fadhila huombwa kwa upole, haidaiwi kwa makelele.

Na aliye katika hali ya Amri na ajue kuwa haimhalalikii Mwislamu kuuza kitu chenye aibu anayoijua ila aibainishe. Ikiwa hakuijua, hana dhambi kwa lililopita. Lakini akishabainikiwa, kumficha mwenzake nyuma ya karatasi ni jambo jingine. Na amepokewa Mtume (S.A.W.) kuwa mwenye kumkubalia mwenzake kuivunja biashara aliyoijutia, Mwenyezi Mungu atamsamehe kujikwaa kwake Siku ya Kiyama. Ikiwa haya ni kwa mwenye kujuta tu, itakuwaje kwa mwenye haki?

KHITIMA

Muhtasari wa darasa ni huu. Karatasi ikiisha, ahadi ya karatasi imekwisha. Aibu iliyotangulia kukabidhiwa haiishi kwa karatasi. Lakini hudaiwa kwa haraka, kwa kuacha kutumia, kwa ubainifu na kwa ukweli. Na mwenye kuacha moja katika hayo amejidhulumu mwenyewe kabla ya kudhulumiwa. Na yaliyobaki nje ya haki ni mlango wa ihsani, baina ya mtu na Mola wake.

Mwenyezi Mungu atujaalie katika wale ambao wakiuza husema kweli, na wakinunua husema kweli, na akazibariki biashara zao. Amin.

Wallahu aalam.